Kiti cha Eneo Bunge la 136: Kisa cha Julian Bond na Bunge la Georgia

Jumatatu ya tarehe 10 Januari 1966, wabunge wateule wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia walisimama mjini Atlanta ili wale kiapo. Kijana mmoja wa miaka 25 aliambiwa akae pembeni. Alikuwa ameshinda uchaguzi, hakuna aliyelalamikia kura zake, umri wake ulitosha na makazi yake yalikuwa ndani ya eneo lililomchagua. Jina lake lilikuwa Julian Bond, na kilichomponza ni maneno aliyomjibu mwandishi wa redio kwa simu siku nne kabla.

Mbunge akishachaguliwa, ni nani mwenye haki ya kumpima kama anafaa kuketi? Wenzake bungeni, au wale waliopanga foleni kumpigia kura? Kesi ya Bond ililijibu swali hilo kwa uwazi kuliko kesi nyingine ninayoijua. Lakini maisha yake ya kisiasa hayakuishia hapo. Miaka ishirini baadaye alikosa kiti kingine, safari hii kwa kura, na naona matukio haya mawili yanaeleweka vizuri zaidi yakisomwa pamoja.

Bond alizaliwa Nashville, Tennessee, tarehe 14 Januari 1940, katika nyumba ya wasomi. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa rais wa kwanza Mweusi wa Chuo Kikuu cha Lincoln kule Pennsylvania, chuo ambacho Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah walisomea kabla ya kurudi kwao kudai uhuru. Mwaka 1957 Julian aliingia chuo cha Morehouse, Atlanta, na huko Martin Luther King alipata kumfundisha falsafa. Mwaka 1960 wanafunzi Weusi walipoanza kuketi kwenye mikahawa ya Wazungu na kukataa kuondoka, Bond alikamatwa katika mkahawa wa ofisi za jiji la Atlanta. Aprili mwaka huohuo ilizaliwa kamati ya wanafunzi iliyojulikana kwa ufupisho wa SNCC. Bond aliacha masomo akawa mkuu wa mawasiliano wa kamati hiyo: kazi yake ilikuwa kupiga simu magazetini na kuandika taarifa kila mwenzao alipopigwa au kutiwa ndani.

Wasomaji wa Kenya wana sababu yao ya kuikumbuka kamati hii. Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa Nairobi, Jaramogi Oginga Odinga alifika Atlanta, na vijana wa SNCC wakaenda kumwamkia hotelini. Walipotoka walivuka kwenye mkahawa wa jirani wakaomba kahawa. Wakanyimwa kwa sababu ya rangi yao, na walipokataa kuondoka wakakamatwa. Waziri wa Kenya huru alikuwa akilala katika hoteli nzuri ya jiji hilo, na wenyeji wake hawakuweza kuuziwa kikombe cha kahawa hatua chache kutoka mlangoni.

Kiti alichokuja kugombea Bond kilizaliwa mahakamani. Kwa miongo mingi Georgia iligawa viti vya bunge kwa kaunti bila kujali idadi ya watu. Kaunti ya Fulton, iliyo na sehemu kubwa ya jiji la Atlanta, ilikuwa na wakazi 556,326 katika sensa ya 1960 na wawakilishi watatu tu. Kaunti ya Echols ilikuwa na wakazi 1,876, nayo ilikuwa na mwakilishi wake mmoja. Mpango huu uliwafaa wenye mashamba, na uliwafaa zaidi watetezi wa ubaguzi, kwa sababu Weusi wa mjini ambao tayari walikuwa wamejiandikisha kupiga kura walimezwa wote katika viti hivyo vitatu. Mahakama ya Juu ya Marekani iliubomoa mfumo wa aina hii kwa hukumu kadhaa kati ya 1962 na 1964, ikasisitiza kwamba kura ya mtu mmoja haiwezi kuwa na uzito kuliko ya mwingine. Georgia ikalazimika kuchora mipaka upya na kuitisha uchaguzi maalumu mwaka 1965.

Eneo Bunge la 136 lilichukua mitaa ya Weusi magharibi mwa Atlanta, ikiwemo Vine City, mtaa wa watu wa kipato cha chini uliopakana na vyuo. Vijana wa SNCC walifanya kampeni ya nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo naona ubunifu wao: badala ya kuwahutubia watu, walibisha hodi na kuwauliza wangependa mwakilishi wao afanye nini. Majibu yakawa ilani. Kima cha chini cha mshahara kiwe dola 2 kwa saa, mipango ya jiji ya kubomoa nyumba ili kujenga upya isiwatupe maskini barabarani, adhabu ya kifo ifutwe. Juni 1965 Bond alipata kura 2,320, mpinzani wake wa Republican kura 487. Ni ushindi wa asilimia 82. Pamoja naye walichaguliwa Weusi wengine saba, wa kwanza kuingia katika Baraza hilo tangu 1907.

Kisha ikaja Januari.

Tarehe 3, kule Tuskegee, Alabama, mwanafunzi Mweusi Samuel Younge, aliyewahi kutumikia jeshi la majini, alipigwa risasi akafa baada ya kutaka kutumia choo cha kituo cha petroli kilichotengwa kwa Wazungu. Tarehe 6 SNCC ilitoa tamko la kupinga vita ya Vietnam. Tamko lilisema kwamba kuuawa kwa Younge hakuna tofauti na kuuawa kwa wakulima wa Vietnam, na kwamba kamati inawaunga mkono vijana wasiotaka kuitikia wito wa kuandikishwa jeshini. Bond hakuwa amelitunga. Mwandishi wa redio alimpigia simu akamwuliza kama analikubali. Akajibu kwamba analikubali, kwa kuwa anajihesabu kuwa mpinzani wa vita ile na vita nyingine yoyote, na kwamba haoni kwa nini yeye, raia wa daraja la pili, awajibike kuiunga mkono. Alipoulizwa kama msimamo huo unagongana na kiapo cha ubunge, alisema haugongani.

Simu ile ilikuwa imerekodiwa. Wabunge 75 walitia saini malalamiko ya kutaka azuiwe, na mchana wa tarehe 10 kamati maalumu ilikaa kumsikiliza. Kanda ilichezwa mbele ya wajumbe. Kulikuwa na madai kwamba anawachochea vijana wachome kadi zao za kuandikishwa jeshini. Bond akasema hajawahi kumshauri mtu yeyote achome kadi, kwamba yake anayo mfukoni na yuko tayari kuitoa wakitaka kuiona. Alichokisema, akaeleza, ni kwamba anaustahi ujasiri wa mtu anayeifuata imani yake huku akijua adhabu inamngoja. Hakurudisha neno lake, na pia hakulipamba ili limfurahishe mtu.

Jioni Baraza lilipiga kura: 184 walitaka azuiwe, 12 walipinga. Sababu zilizoandikwa ni kwamba maneno yake yanawapa faraja maadui wa Marekani, yanakiuka sheria za kuandikisha wanajeshi, yanalivunjia Baraza heshima, na yanaonyesha kwamba hawezi kuapa kwa moyo mweupe kuilinda Katiba.

Hiyo ya mwisho inafaa kusomwa mara mbili. Bond alikuwa tayari kuapa. Alisimama pale kwa ajili hiyo. Baraza lilisema kwamba hata akiapa, halitamwamini. Kwa lugha nyingine, wabunge 184 walijipa kazi ya kupima unyofu wa moyo wa mwenzao. Wengi wao walikuwa wametumia miaka kumi iliyotangulia kutunga sheria za kuikwepa hukumu ya Mahakama ya Juu iliyokataza kutenga shule za Weusi na Wazungu. Hakuna aliyewahi kuwauliza wao kama kiapo chao kwa Katiba kilitoka moyoni.

Bond alikwenda mahakamani, na waliofungua kesi pamoja naye walichaguliwa kwa busara kubwa. Martin Luther King alijiunga kama mlalamikaji, na aliingia kama mpiga kura, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa Vine City, ndani ya eneo la 136. Hivyo madai yakabeba mambo mawili: kwamba Bond amenyimwa uhuru wa kusema, na kwamba wapiga kura wake wamenyimwa mwakilishi.

Majaji watatu wa mahakama ya shirikisho mjini Atlanta waligawanyika, wawili kwa mmoja, na Bond akashindwa. Wawili hao, mmoja wao Griffin Bell aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Rais Carter, waliona kwamba Baraza lilikuwa na sababu za kutosha za kumshuku, na kwamba mahakama isiingie sana jikoni kwa chombo cha kutunga sheria. Jaji Elbert Tuttle alipinga. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: katiba ya Georgia imeorodhesha sifa za kuwa mbunge, na Baraza haliwezi kujiongezea nyingine likiwa limekaa.

Huku kesi ikisubiri rufaa, gavana aliitisha uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi. Bond akagombea, na mwezi Februari akashinda tena. Kamati ya Kanuni ya Baraza ikamwita, ikamwuliza kama anayafuta maneno yake. Akasema hapana. Kiti kikabaki wazi. Septemba akashinda kura ya mchujo ya chama chake cha Democratic, Novemba akashinda uchaguzi mkuu. Kwa hiyo ndani ya miezi kumi na minane wakazi wa 136 walimchagua mtu yuleyule mara tatu, wakijua fika kwamba kura yao inaweza kutupwa. Sifa nyingi za kisa hiki hupewa Bond na mawakili wake. Mimi naanza na wakazi hawa. Walikaa karibu mwaka mzima bila mwakilishi katika Baraza lililopanga bajeti ya shule na barabara zao, na bado hawakutafuta mtu mwingine wa kuwapendeza wakubwa.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ilitolewa tarehe 5 Desemba 1966, ikaandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren, na majaji wote tisa walikubaliana. Georgia ilikuwa imejenga hoja yake kwa ustadi. Ilikubali kwamba raia wa kawaida angeweza kusema aliyoyasema Bond bila kuadhibiwa, lakini ikadai kwamba mbunge hupimwa kwa kipimo kikali zaidi kwa sababu yeye huapa. Warren alikigeuza kipimo hicho juu chini. Kiapo cha kuilinda Katiba, alisema, hakiwapi wabunge walio wengi leseni ya kupima unyofu wa mwenzao aliyechaguliwa kihalali. Na mbunge ndiye hasa anayepaswa kuachiwa uwanja mpana wa kusema, kwa kuwa wananchi wanahitaji kumsikia ili wajue anasimamia nini, na walio wachache wanahitaji mtu wa kuwasemea. Kuhusu kadi za jeshi, Mahakama ilisoma maneno yote ya Bond na kuona kwamba hayakumchochea mtu kuvunja sheria.

Kuna jambo ambalo Mahakama haikuligusa, nalo ni rangi. Bond alidai kwamba angekuwa Mzungu asingezuiwa. Jimbo lilijibu kwamba Weusi wengine saba waliapishwa bila tatizo. Majaji walisema kwa kuwa uhuru wa kusema unatosha kumaliza kesi, hawahitaji kuingia huko. Kisheria walikuwa sahihi. Hata hivyo, msomaji wa leo asiiache nafasi hiyo tupu. Aliyezuiwa hakuwa Mweusi yeyote tu. Alikuwa Mweusi aliyetoka katika kamati iliyowasumbua Wazungu wa Kusini kwa miaka mitano, na maneno yake juu ya Vietnam yaliwapa sababu waliyokuwa wakiitamani.

Bond aliapishwa tarehe 9 Januari 1967. Kesho yake Bunge zima la Georgia, Baraza hilo na Seneti ya jimbo pamoja, lilimchagua Lester Maddox kuwa gavana kwa kura 182 dhidi ya 66, kwa sababu hakuna mgombea aliyepata zaidi ya nusu ya kura za wananchi. Maddox alikuwa mwenye mkahawa aliyepata umaarufu mwaka 1964 kwa kuwafukuza wateja Weusi mlangoni akiwa na bastola. Watu 184 walioshuku kama Bond anaweza kuapa kwa Katiba walikuwa na wenzao wengi waliomwona Maddox anafaa kuongoza jimbo.

Mwaka uliofuata jina la Bond lilivuma nchi nzima. Katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, Agosti 1968, aliongoza pamoja na wengine ujumbe uliopinga wajumbe walioteuliwa na watu wa Maddox, na viti vya Georgia vikagawanywa kati ya pande mbili. Jina lake lilipendekezwa kuwa mgombea wa umakamu wa rais. Akalazimika kujitoa: alikuwa na miaka 28, na Katiba inataka 35.

Miaka yake ndani ya Bunge la Georgia nitaipitia haraka. Alikaa katika Baraza la Wawakilishi hadi alipohamia Seneti ya jimbo mwaka 1975, na huko akabaki hadi mapema 1987. Alipeleka miswada mingi, ya makazi, ya ustawi wa maskini, ya haki za wapiga kura. Wakosoaji wake walisema alitumia muda mwingi kwenye mihadhara vyuoni kuliko kwenye vikao, na nadhani kulikuwa na ukweli ndani yake. Lakini kazi moja ya Seneti inatosha kumtetea.

Baada ya sensa ya 1980, Georgia ilichora upya maeneo ya uwakilishi katika Bunge la Marekani. Bond alipigania Eneo la Tano, la Atlanta, liwe na wakazi Weusi kiasi cha asilimia 69, ili wasiendelee kukatwakatwa na kugawiwa maeneo ya Wazungu. Seneti ilikubali. Baraza la Wawakilishi likakataa, na mpango uliopita ukawaacha Weusi wakiwa asilimia 57 ya wakazi, kiwango ambacho kwa uandikishaji wa wakati ule hakikuwapa wingi wa wapiga kura. Suala lilifika mahakama ya shirikisho mjini Washington. Mwaka 1982 majaji walieleza bila kumung'unya maneno kwamba mwenyekiti wa kamati ya mipaka ya Baraza, Joe Mack Wilson, ni mbaguzi wa rangi, na kwamba mpango wake ulikusudia kuwabana Weusi. Mipaka ikachorwa upya na eneo likafikia karibu asilimia 65.

Mbunge Mzungu wa eneo hilo, Wyche Fowler, alipoamua kugombea Seneti ya Marekani mwaka 1986, kila mtu aliona kiti kile ni cha Bond. Ndipo John Lewis akajitokeza. Lewis, mwana wa wakulima wa Alabama, aliyepasuliwa kichwa na polisi kwenye daraja la Selma mwaka 1965, alikuwa mwenyekiti wa SNCC lilipotolewa lile tamko la Vietnam. Yeye ndiye aliyelitangaza. Familia zao zilikuwa marafiki kwa miaka ishirini na tano.

Kura ya mchujo ya Agosti ilimpa Bond asilimia 47, Lewis 35, na waliobaki wakagawana nyingine. Katika nchi nyingi ambako anayeongoza hushinda hata asipofikisha nusu, Bond angekuwa mbunge siku ile. Georgia ilidai zaidi ya nusu. Ikaitishwa duru ya pili, na kampeni ikageuka chungu. Kwenye mdahalo wa televisheni Lewis alimtaka Bond waende wote wawili wakapimwe dawa za kulevya. Bond alikataa kwa hoja ya haki ya faragha. Ilikuwa pigo la kikatili kati ya watu waliojuana hivyo, na urafiki wao uliumia kwa muda mrefu. Tarehe 2 Septemba Lewis alishinda kwa takriban asilimia 52 kwa 48. Wapiga kura wengi Weusi walimpigia Bond. Wazungu wengi walimpigia Lewis, na hao wakaamua matokeo katika eneo ambalo Bond mwenyewe alilipigania lichorwe.

Sharti hilo la zaidi ya nusu lina asili yake. Lilitungwa Georgia mwaka 1964, wakati mfumo wa kaunti ulipokuwa umeanguka, na aliyelipigia debe ni mbunge Denmark Groover wa Macon. Groover alikuwa amepoteza kiti chake mwaka 1958 akaamini kura za Weusi ndizo zilizomwangusha, na miaka ya 1980 alikiri wazi kwamba wakati ule alikuwa mtetezi wa ubaguzi. Hofu iliyokuwa nyuma ya sharti ni kwamba Wazungu wakigawana kura kwa wagombea kadhaa, Weusi waliokubaliana juu ya mtu mmoja wangepenya. Duru ya pili iliwapa Wazungu nafasi ya kujikusanya. Mwaka 1986 wagombea wote wawili walikuwa Weusi na wapigania haki, hivyo haikuwa kama Groover alivyokusudia. Lakini mashine yake ilifanya kazi ileile: aliyekuwa chaguo la Weusi wengi aliongoza duru ya kwanza na kuanguka ya pili.

Lewis alikishika kiti hicho hadi alipofariki Julai 2020. Bond aligeukia ualimu wa historia, akawa mwenyekiti wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi wa Marekani, kuanzia 1998 hadi 2010, na akafariki Agosti 2015. Sharti la Groover nalo lilibaki, likalegezwa kwa uchaguzi mkuu miaka ya 1990 na kurudishwa 2005. Novemba 2020 seneta wa Republican David Perdue aliongoza Georgia kwa asilimia 49.7, akiwa mbele ya Jon Ossoff. Kwa kuwa hakufikisha nusu, wakarudi kwenye sanduku tarehe 5 Januari 2021. Ossoff akashinda, na siku hiyohiyo Raphael Warnock, mchungaji wa kanisa la Ebenezer alilohubiri King, akawa Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuiwakilisha Georgia katika Seneti ya Marekani.